Mwanamke wa Peponi Aliyekuwa Akianguka



Nawaandikia kutoka Ifakara, mji wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ambako niko masomoni fani ya afya. Kwa asiyepajua: ukishavuka bahari kutoka Unguja, unapanda basi asubuhi Dar es Salaam, unapita Morogoro mjini na Mikumi, unateremka Kidatu kwenye mashamba ya miwa, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wako wa kulia, mpaka unaingia nchi tambarare ya mpunga. Wali wa huku, wallahi, tusidanganyane, unanukia kuliko tunaopika kwetu. Misikiti ipo, adhana unaisikia vizuri, na Ramadhani futari hailali bila uji wa mchele. Nilikuja nikidhani nakuja kusoma magonjwa ya watu wa bara. Nikakuta nasoma ya nyumbani kwetu.

Ilianza jioni moja bwenini. Mchana tulikuwa na kipindi cha magonjwa ya ubongo, na mhadhiri alitufundisha kifafa kwa saa mbili nzima: namna chembe za ubongo zinavyopelekeana umeme mdogo mdogo, na namna umeme huo unavyoweza kulipuka kwa pamoja, mtu akaanguka, akakakamaa, akatikisika, akatoka povu. Tulikuwa wanne tunasubiri wali uive. Mmoja wetu akauliza: nyinyi kwenu, mlipokuwa wadogo, mliambiwa nini kuhusu mtu anayeanguka?

Mwenzetu wa Mahenge, Mpogoro na Mkatoliki, ndiye aliyeanza. Yeye aliambiwa asimguse kabisa. Povu linaambukiza, mkojo unaambukiza, hata pumzi. Jirani yao alikuwa na sahani yake na kikombe chake peke yake. Wa Tanga akasema kwao zaidi walikuwa wakiogopa degedege la watoto: ni ndege anapita juu ya nyumba, na mtoto mwenye degedege ukimpeleka akapigwa sindano basi umemzika. Wa Iringa akacheka, akasema kwao ni laana ya ukoo, na nyumba yenye kifafa haiolewi wala haioi. Ikafika zamu yangu. Nikasema kwetu aliyeanguka kapandwa na shetani, na ikiwa ni mtoto wa kike ambaye hajaolewa, halisemwi hata jina la ugonjwa. Unasema "anaumwa kichwa."

Kisha tukanyamaza, kwa sababu kila mmoja alijua jambo ambalo hakutaka kulisema mbele ya wenzake. Mchana ule tulijibu maswali ya mhadhiri vizuri sana. Lakini mtu angeanguka mbele yetu pale pale jikoni, mkono wa kwanza kunyooshwa ungechelewa. Mhadhiri alikuwa na sisi saa mbili. Bibi zetu walikuwa na sisi miaka kumi, usiku, tukiwa tumelala mapajani mwao.

Niwaeleze kidogo khabari ya huko Mahenge, maana watu wengi kwetu hawaijui na ingefaa waijue. Kutoka Ifakara unavuka mto Kilombero, zamani kwa kivuko na sasa kwa daraja, unapanda milimani wilaya ya Ulanga. Karibu na mwaka 1960 alifika huko daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall. Alikuta vijana na watoto wengi wenye kifafa kikali, wengine wana makovu makubwa ya moto, kwa sababu walianguka mekoni na waliokuwepo waliogopa kuwagusa. Akafungua kliniki Mahenge na kuanza kuwapa dawa, hasa fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo ambacho mpaka leo kinatumika. Aliandika pia juu ya watoto ambao kichwa kinaanza kusinzia sinzia kama mtu aitikiaye ndiyo, jambo ambalo dunia ilikuja kulizungumza sana miaka mingi baadaye kule Uganda na Sudan Kusini.

Mwaka 1989 ulifanywa uchunguzi wa vijiji vya Ulanga, watu 18,183 wakaulizwa na kupimwa. Katika kila watu 1,000, kiasi cha 10 walikuwa na kifafa, na vijiji vingine vilifika 37. Mtu akisikia hivyo haraka atasema: basi laana ni ya kweli, wamelaaniwa Wapogoro. Lakini milima ile ina mito yenye maporomoko, na kwenye maji yanayokwenda kasi huzaliana inzi weusi wadogo wanaoeneza usubi, ugonjwa wa minyoo unaowasha ngozi na kupofua macho. Vijiji vyenye usubi mwingi ndivyo vyenye kifafa kingi. Namna hasa mnyoo unavyofika kuudhuru ubongo bado inatafutwa, lakini uhusiano upo, na dawa ya usubi ambayo ilikuwa ikigawiwa mara moja kwa mwaka, tangu 2019 huko Mahenge imekuwa ikigawiwa mara mbili, na kesi mpya za kifafa kwa watoto zimepungua. Yaani ile "laana" ilikuwa ikiruka kwa mbawa mbili mtoni, na kuna kidonge chake.

Mwenzangu wa Mahenge aliposoma haya aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema yule jirani yao mwenye sahani yake alikufa maji, akiwa peke yake mtoni, kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda kuteka naye. Nilipokwenda kuangalia vitabu nikakuta kwamba wagonjwa 164 wa kliniki ile walifuatiliwa kwa miaka 30, wengi wakawa wamekwisha kufariki, na miongoni mwa vilivyowaua ni maji na moto. Maji na moto haviuwi mtu mwenye mwenziwe pembeni.

Sasa ndugu zangu, msione ni mambo ya bara haya. Mwaka 1993 yalichapishwa majibu ya wakuu wa kaya 3,256 wa vijijini Tanzania, nusu yao wanawake. Asilimia 40.6 waliamini kifafa kinaambukiza. Asilimia 62.7 walisema mtoto mwenye kifafa wasingempeleka skuli. Ni zamani, ndiyo, lakini kaulizeni leo kwenye baraza yoyote ya Ng'ambo au Chake mnieleze mmesikia nini.

Nimefikiria sana kuhusu maneno. Sikio la Mswahili likisikia "kifafa" linasikia kufa mle ndani. "Degedege" linasikia ndege. Neno la Kiarabu ni sar'u, na maana yake ni kubwagwa chini, kama mpiganaji anavyombwaga mwenziwe. Na bila shaka mtu akiambiwa amebwagwa, swali la kwanza ni nani kambwaga. Kabla hujaumwa, neno limeshakusimulia kisa kizima. Ndiyo maana wanaotaka kuokoa watu kwa elimu lazima waanze na lugha. Hapa hapa bonde la Kilombero, katika miaka ya 1990 watafiti walipoleta vyandarua vyenye dawa, hawakuvipa jina la kizungu. Waliviita Zuia Mbu. Maneno mawili, hata mtoto anaelewa. Uhai wa watoto waliolala ndani yake uliongezeka kwa asilimia 27. Na kule Bagamoyo, miaka hiyo hiyo, waliokwenda kuwasikiliza kina mama wakagundua kwamba mama anayemchelewesha mtoto mwenye degedege hafanyi hivyo kwa kutojali. Anaogopa sindano kwa sababu kisa alichokirithi kinasema sindano inaua. Malaria kali inasubiri pale pale wakati kisa kinasimuliwa.

Sisi Waunguja kisa chetu ni cha shetani. Na kisa hicho kina mlinzi anayeitwa aibu.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Nimemuomba ruhusa, akaniambia andika ila usitaje mtaa. Alianza kuanguka akiwa na miaka 13. Alipelekwa kote: kwa waganga wa shamba, kwa wasomaji, akafukizwa, akanyweshwa makombe, akachinjiwa. Miaka mitatu baadaye ndipo alipopelekwa hospitali, akapewa vidonge, na vikamkubali. Mwanzo vilikuwa vikimpa usingizi darasani, baadaye akazoea. Miaka miwili na ushei hakuanguka hata siku moja. Alhamdulillah.

Ikaja posa. Kijana mwema, anafanya kazi, anasali. Wanawake wa nyumba wakakaa kikao, na mimi nilikuwepo, sikufungua mdomo, na hilo ni langu mimi na Mola wangu. Wakakubaliana: lisisemwe. Keshapona huyo, tukisema tutamharibia. Wiki ya harusi akapigwa singo, akapakwa hina, usiku wa kwanza hakulala, wa pili hakulala, wageni wanaingia na kutoka. Sanduku likapangwa na wakubwa. Vidonge vikatolewa, kwa sababu mawifi wana tabia ya kufunua sanduku la biharusi, na wakiviona watauliza.

Anayesoma afya mwaka wa kwanza angeweza kuwaambia kitakachotokea. Mtu mwenye kifafa akikosa usingizi anaanguka. Akiacha dawa ghafla anaanguka. Wao walimfanyia yote mawili kwa pamoja, kwa mapenzi.

Usiku wa tatu wa fungate alianguka msalani, akajigonga kwenye ukingo wa saruji. Bwana harusi hajawahi kuona kitu kama hicho maishani mwake. Alidhani anakufa. Akatoka mbio anapiga kelele, watu wakajaa: baba mkwe, mashemeji, majirani wa kiume kwa wa kike, na yeye yuko chini, nguo aliyovaa imempanda, hajijui. Mmoja analeta kiberiti anamnusisha, mwengine anamtia kijiko mdomoni, jino likakatika. Alishonwa nyuzi saba.

Nilipokwenda kumtazama sikumuuliza kitu. Yeye mwenyewe akaniambia: "Dada, kichwa hakiniumi. Ila baba mkwe kaniona, na wale vijana wa jirani wameniona. Hakuna aliyenitupia hata kanga."

Mume wake alimrejesha kwao. Sina kinyongo naye. Alisema maneno mawili tu mbele ya wazee: "Mngeniambia." Na nani angemjibu?

Sasa nikupelekeni kwenye jambo ambalo nilikuwa nimelisoma madrasa, nikalifaulu mtihani, na sikulielewa mpaka siku ile.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas (r.a.) alimuuliza mwanafunzi wake Ataa bin Abi Rabah kama angependa amuonyeshe mwanamke katika watu wa Peponi. Ataa akasema ndiyo. Akamuonyesha mwanamke mweusi, akamweleza kwamba mwanamke huyo alimwendea Mtume (s.a.w.), akamwambia kuwa yeye huanguka, na akianguka nguo humfunuka, basi amuombee kwa Allah. Mtume (s.a.w.) akampa hiari: akitaka asubiri na atapata Pepo, na akitaka amuombee apone. Akachagua kusubiri. Kisha akaongeza ombi moja: lakini mimi hufunuka, niombee nisifunuke. Akamuombea.

Mdogo wangu alinisikiliza, kisha akaniambia niisome tena pale pahala pa kufunuka. Niliisoma mara tatu.

Tazameni yaliyomo. Mwanamke huyu aliutaja ugonjwa wake kwa ulimi wake, mbele ya mbora wa viumbe. Hakusema anaumwa kichwa. Mtume (s.a.w.) hakumuuliza amemkosea nani, hakumwambia akae mbali na watu, hakumpa sahani yake. Alilosikitikia mwanamke si kuanguka, ni stara yake, na stara yake ndiyo iliyoombewa. Na miaka mingi baadaye Ibn Abbas, mwanachuoni wa umma huu, anamnyooshea kidole kwa fakhari. Amejulikana kwa ugonjwa wake na kwa Pepo yake, vyote viwili katika khabari moja, na umma umeihifadhi khabari hiyo karne kumi na nne. Sisi tuna visa viwili mkononi basi. Kimoja kinatoka vichochoroni na kinasema ficha. Kingine kimo katika Sahihi mbili. Kwa nini bibi zetu walitusimulia kile na si hiki? Siwalaumu. Huenda na wao hawakusimuliwa.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimeshaletewa na mtu mzima ninayemheshimu. Aliniambia: huoni kuwa alichagua subira, akaacha tiba? Basi na wagonjwa wetu wasubiri. Nikamjibu kwa adabu kwamba mwanamke yule alijichagulia mwenyewe, mtu mzima, baada ya kupewa hiari na dhamana ya Pepo na Mtume mwenyewe. Hakuchaguliwa subira na shangazi zake. Na ni Mtume huyo huyo (s.a.w.) aliyeulizwa na mabedui kama wajitibu, akawaambia wajitibu, kwani Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, isipokuwa uzee. Ukimpa subira mtoto wa miaka 13 na vidonge viko dukani, hiyo umempa yeye mzigo wako.

Na jini? Mimi ni Muislamu, naamini majini wapo, Qur'ani imewataja, na sitaki mtu atoke hapa akisema mwanafunzi wa afya kakanusha. Lakini wanavyuoni wetu walikuwa makini kuliko sisi. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika katika Zad al-Ma'ad kwamba sar'u ni ya namna mbili: moja ya roho mbaya, na moja ya mwili, ambayo ndiyo wanayoishughulikia matabibu. Miaka karibu 700 iliyopita! Hakuna aliyemwita kafiri kwa kusema kuna ya matabibu. Mgonjwa wako msomee, msomee sana, Ayatul Kursiyyu na Muawwidhatayni hazijawahi kugombana na fenobabitoni. Ninayemkataa ni yule anayekwambia acha kwanza vidonge ndipo nikusomee. Huyo mkimbie kwa miguu miwili. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta kifafa mfululizo kisichokatika, na mtu akafa.

Nimesema kwa kirefu kuhusu visa, sasa niseme na biharusi moja kwa moja, na kungwi wako asome pia.

Jambo la posa, rai yangu ni kwamba lisemwe kabla ya nikaha. Hukumu zake za kisheria, mume au mke akifichwa maradhi anayo haki gani, muulizeni kadhi, mimi si mtu wa kutoa fatwa. Mimi nasema kama mtu aliyeona damu msalani. Anayelala na wewe ndiye atakayekuwepo ukianguka. Ukimficha, umemnyima silaha ya kukusaidia, na umejifunga kumeza vidonge kwa kuiba, na vidonge vya kuiba vina siku vitakosekana.

Ndiyo, wengine wataondoka. Sitakudanganya. Wataondoka na mama zao watakwenda kusema. Hilo linauma na sina dawa yake.

Ukishaposwa, nenda hospitali kabla ya harusi, si baada. Baadhi ya dawa za kifafa, hasa ile inayoitwa sodiamu valproeti, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mwanamke anayetarajia kuzaa anatakiwa azungumze na daktari mapema ili abadilishiwe taratibu. Usiache mwenyewe! Kifafa kisichotibiwa nacho ni hatari kwa mimba. Ulizia vidonge vya foliki kuanzia kabla hujashika mimba. Na kama mnapanga uzazi, mwambie mtoa huduma dawa unazotumia, kwa sababu baadhi yake hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Karibu na Ramadhani pia rudi kwa daktari, mpange saa za dawa baina ya futari na daku, na akikwambia kufunga kutakudhuru, ruhusa aliyotoa Allah kwa mgonjwa ni yako, usiione haya.

Na kungwi, mama yangu, unayemfundisha mwari mambo yote ya chumbani bila kuona aibu: mbona hili ndilo linakutia aibu? Mwache alale usiku wa hina. Taarabu itaendelea bila yeye. Na vidonge viwekwe juu kabisa ya sanduku, juu ya kanga za doti, mawifi wavione.

Duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na Shirika la Afya Duniani linasema mpaka asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa sahihi na kuzitumia. Wengi kati ya hao wangeolewa, wakazaa, wakazeeka, na wewe usingejua. Huenda unao mmoja kazini kwako.

Mdogo wangu sasa anasomesha watoto madrasa. Dawa anameza mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wake. Mwaka jana alikuja mtu kumuuliza, na safari hii alikataa watu wazima wamsemee. Alisema mwenyewe, mlango wazi, baba yake amekaa. Yule bwana akaondoka na hakurudi. Mama mdogo alilia wiki nzima, akanipigia simu huku Ifakara kunilaumu mimi na hadithi zangu.

Mwezi wa Rajabu akaja mwengine. Akaambiwa vile vile. Naye akaondoka, kimya, siku sita. Ya saba akampigia baba simu akasema ana swali moja: akianguka, mimi nifanye nini?

Baba hakujua. Simu ikanifikia mimi, nikiwa natoka wodini. Nikamwambia: usimkamate kwa nguvu, usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko wala kidole. Usiwashe kiberiti. Sogeza vitu vigumu na moto mbali naye. Weka kitu laini chini ya kichwa. Tazama saa, ikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, mpeleke hospitali. Akitulia mlaze ubavu, mate yatoke, na ukae naye mpaka ajitambue, maana atazinduka hajui yuko wapi.

Akaniuliza, ni hayo tu?

Nikamwambia, la kwanza kabisa nimelisahau. Chukua kanga iliyo karibu, umfunike.